Mbunge wa Mswaki

Ittoop Kunnel hakuwa na chama. Hakuwa na bendera, wala ndugu aliyewahi kukalia kiti cha bunge, wala picha aliyopigwa akiwa na waziri. Hakuwa na shahada. Shule aliiacha darasa la saba akaanza kuzunguka na baba yake nyumba kwa nyumba wakitengeneza miavuli iliyoharibika. Hakuwa na sauti ya jukwaani. Yake ilikuwa nyembamba, na waliompigia simu kwa mara ya kwanza walimwomba awape mwenye duka. Hakuwa na masharubu, na kwetu Kerala mwanasiasa asiye na masharubu hutazamwa kama mtu aliyetoka nyumbani bila shati. Hakuwa na meno mawili ya mbele, yaliyong'olewa na ubavu wa chuma uliofyatuka kwenye mwavuli mwaka wa kwanza wa biashara yake. Tena hakuwa na adui hata mmoja, jambo ambalo wazee wa siasa wa mji wetu wa Pulikadavu walisema ndilo litakalomwangusha.

Alichokuwa nacho ni karakana ya miavuli nyuma ya kanisa, wafanyakazi wanawake sitini na wawili, na mimi Divakaran, msimamizi wa karakana, niliyekuwa naye miaka thelathini na moja. Sote tulimwita tajiri, ingawa alikula muhogo na samaki pamoja nasi na shati lake la kazini lilikuwa na madoa mengi ya kutu kuliko yetu.

Wanawake arobaini kati ya hao walitoka Nedumthuruthu, kisiwa kilicho ng'ambo ya mto. Kwa mtumbwi ni robo saa maji yakiwa yametulia, na kuanzia Juni hayatulii. Asubuhi moja ya Julai, Bhargavi, fundi wetu mkuu wa kushona vitambaa, aliingia akiwa amelowa mpaka kifuani. Alisimama mbele ya meza ya tajiri akaanza kukamua sari yake pale pale sakafuni.

"Umechelewa," tajiri alimwambia.

"Sijachelewa. Nilikuwa naogelea."

"Bhargavi, mimi nauliza kwa heri."

"Na mimi nakujibu kwa heri, tajiri. Wewe unauza kitu cha kuzuia maji ya juu. Haya ya chini nani atatuzuilia?"

"Hiyo ni kazi ya serikali."

"Basi nenda kaiambie. Nikienda mimi nitawalowesha makarani."

Wanawake kwenye cherehani walicheka. Tajiri hakucheka. Alikuwa amepeleka barua tatu za kuomba daraja la Nedumthuruthu, na zote zilijibiwa na watu tofauti kwa maneno yale yale. Jioni hiyo aliniuliza fomu za kugombea ubunge wa jimbo zinapatikana wapi. Nilidhani anatania. Aprili iliyofuata jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kura kama mgombea binafsi.

Mgombea asiye na chama hupewa alama na msimamizi wa uchaguzi, ili hata asiyejua kusoma amtambue kwenye karatasi inayobandikwa juu ya mashine ya kura. Bila shaka tajiri aliomba mwavuli. Lakini mwavuli ulikuwa umeombwa pia na Mwalimu Neelakandan, mkuu wa shule mstaafu, ambaye naye aligombea bila chama na ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona bila mwavuli kwapani. Ikapigwa kura ya bahati kwa vikaratasi ndani ya kopo la biskuti. Mwalimu akaupata.

"Zimebaki puto, koliflawa na mswaki," msimamizi wa uchaguzi alisema.

Tajiri aliniinamia sikioni. "Unaonaje?"

"Puto hupasuka," nilisema. "Koliflawa huku hailimwi. Mswaki kila nyumba ina wake."

"Divakara, nitazame vizuri." Alizoea kuniita hivyo, bila herufi ya mwisho. Akafungua mdomo kidogo. "Watu watasema nini?"

Walisema kila kitu. Kwenye mikutano ya vyama vikubwa, wasemaji waliwaambia watu wampe Ittoop kura, wampe na meno. Kibaya zaidi, siku ya pili watu wa tume walikuja na gunia wakafunika ule mwavuli mkubwa wa bati juu ya mlango wa karakana, kwa kuwa sasa ulikuwa alama ya mgombea mwingine na haikuruhusiwa kuonyeshwa hadharani. Mteja akija alikuta mbunge mtarajiwa amekaa chini ya gunia, akiwa na mswaki mfukoni.

Siku ya kura ilinyesha mvua ya alasiri, kama kawaida ya Aprili. Nilikuwa kwenye foleni ya kituo cha ng'ambo, kule kisiwani. Mistari miwili ya watu ilifungua miavuli kwa pamoja, na karibu yote ilikuwa imetoka mikononi mwetu. Bhargavi alipoona hivyo alishika kichwa. Mbele ya mlango wa kituo kulikuwa na alama mia mbili za Mwalimu Neelakandan, zote zimetengenezwa na sisi.

Akaanza kupita kwenye foleni. "Funga. Funga huo, unampigia kampeni Mwalimu."

"Nitalowa," mzee mmoja alimwambia.

"Ulowe. Mimi nalowa mwaka wa ishirini sasa, na sijafa."

"Huu ni mwavuli wa mvua tu, mwanangu, si siasa."

"Leo ni siasa. Kesho utaufungua."

Ofisa wa kituo alitoka akasema mwavuli wa kujikinga mvua haukatazwi na sheria yoyote. Hakuna aliyemsikiliza. Mmoja mmoja walifunga, wakasimama kimya mvua ikiwapiga, wazee kwa vijana, wakisubiri kubonyeza kitufe cha mswaki. Tajiri aliposimuliwa habari hiyo jioni aliingia ofisini akajifungia, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Alishinda kwa tofauti ya kura mia mbili na kumi na moja. Mwalimu alipata tisini na nane na mpaka leo anaamini ni mvua iliyompatia hizo.

Bungeni, siku ya kwanza aliposimama kuzungumza, Spika alimwomba apaze sauti.

"Hii ndiyo ya juu kabisa, Mheshimiwa Spika," alijibu.

Walicheka. Lakini ili wamsikie iliwabidi wanyamaze, na kwa sababu hiyo akawa mbunge pekee aliyezungumza wengine wakiwa kimya. Hakuwa na mengi ya kusema. Alizungumzia daraja la Nedumthuruthu, halafu akakaa. Wiki iliyofuata alizungumzia daraja la Nedumthuruthu.

Kazi yake hasa aliifanya kwenye maofisi. Wenzake walipeleka maombi kwa mawaziri wakasubiri. Yeye alienda na daftari kuuliza faili la daraja hupita meza zipi, kwa mpangilio gani, na kila karani hunywa chai saa ngapi, kama alivyokuwa akifanya zamani alipopeleka miavuli kwenye maduka ya mji mkuu. Meza zilikuwa kumi na saba. Alizitembelea zote. Hakumpa mtu chochote, na sijawahi kusikia aliyesema vinginevyo. Ila alikuwa na koleo dogo mfukoni, na akiona mwavuli wa karani umening'inia dirishani na ubavu uliopinda, aliuchukua akaunyoosha huku wakizungumza. Makarani walianza kuleta na ya wake zao. Faili lililokuwa limelala miaka tisa lilipita meza zote kumi na saba kwa miezi saba.

Ni kweli pia kwamba serikali ilimhitaji. Ilikuwa na wabunge sabini na mmoja kati ya mia moja na arobaini, naye akihesabiwa humo. Aliwaambia wazi tangu mwanzo: kura yangu mnayo, mradi nione nguzo za daraja langu. Aliona nguzo ya kwanza mwaka wa pili, ya pili mwaka wa tatu. Zilitakiwa tano. Wanawake wetu walipokuwa wakivuka na mtumbwi walizipita kwa karibu, na Bhargavi alikuwa akizipiga kofi kila asubuhi kama mtu anayesalimia ng'ombe wake.

Januari ya mwaka wa nne nguzo ya tatu ilikamilika, na chama cha waziri wa ujenzi kikaandaa sherehe ukingoni mwa mto. Mwenyekiti wake wa wilaya alikuwa Wakili Somarajan, mtu mwenye masharubu ya kutosha watu wawili. Alimwita tajiri jukwaani. Alisema maneno marefu juu ya mtu aliyetoka kwenye sindano na uzi akafika bungeni, kisha akamvika shali la rangi za chama, kijani na njano, lenye nyuzi za kung'aa pembeni. Watu walipiga makofi. Tajiri alisimama na shali lake shingoni, akitabasamu mdomo ukiwa umefungwa kama kawaida yake. Halafu uliletwa mbele yake ubao wenye kitabu na kalamu, akasaini.

Nilikuwa nyuma ya viti, nimeshika glasi ya chai. Nilimwona akisaini na sikuwaza lolote. Yeye ni mfanyabiashara, nilidhani, kazi yake kusaini.

Sheria yetu inasema hivi: mbunge aliyechaguliwa bila chama, akijiunga na chama baada ya uchaguzi, anapoteza kiti. Watu walimchagua akiwa si wa mtu. Anaruhusiwa kuunga mkono serikali mpaka achoke, ila asiwe mwanachama. Wiki tatu baadaye upinzani ulipeleka malalamiko kwa Spika, pamoja na picha ya shali na nakala ya ukurasa wa kitabu. Juu ya ukurasa huo kulikuwa kumeandikwa, kwa herufi kubwa, Daftari la Wanachama Wapya.

Siku chache baadaye mkandarasi alifunga mitambo yake kwenye jahazi la chuma akaondoka nayo. Alisema ameitwa kwenye kazi nyingine. Kila mtu alielewa. Hakuna aliyetaka kumalizia daraja la mbunge ambaye huenda kesho si mbunge. Nguzo tatu zilibaki mtoni na nondo zimechomoza juu, na Bhargavi aliacha kuzipiga kofi.

Machi Wakili Somarajan alikuja karakanani. Ni miezi yetu ya kazi nyingi, kwa kuwa shule zinafunguliwa Juni na kila mtoto anataka mwavuli mpya. Cherehani zilikuwa zikilia kiasi kwamba ilibidi azungumze kwa nguvu, na ofisi ya tajiri imetengwa na karakana kwa ukuta wa mbao tu.

"Mheshimiwa, hili ni jambo dogo," alisema. "Picha si kitu. Shali nimewavika watu mia, mpaka kasisi nimemvika. Tatizo ni saini."

"Saini ni yangu," tajiri alisema.

"Ngoja kwanza. Nimesikia kwamba hati zote za mizigo hapa husainiwa na huyu bwana Divakaran. Anakuiga kiasi kwamba hata wewe hutambui. Ni kweli?"

Tajiri alinitazama. Nilikiri kuwa ni kweli. Nimeisaini saini hiyo miaka mingi kuliko mwenyewe, na ule mkia wa mwisho ninaukunja vizuri zaidi.

"Basi tumepona," Somarajan alisema. "Bwana Divakaran atamwambia Spika kwamba siku ile alisaini yeye. Alidhani ni kitabu cha wageni, akasaini kwa niaba ya tajiri wake kwa mazoea. Mheshimiwa hakujua lolote. Mtu mwaminifu, kosa la mazoea, hakuna atakayeshtakiwa. Na Spika ni wa kwetu. Tutamwomba asikilize shauri hili Juni."

"Kwa nini Juni?" tajiri aliuliza.

"Kwa sababu Mei tutakuwa tumebakiwa na mwaka mmoja kasoro kabla ya uchaguzi mkuu. Ukipungua mwaka, sheria haitaki uchaguzi mdogo. Hata mambo yakienda vibaya, kiti kitakaa wazi tu. Serikali haipotezi kitu."

"Na daraja?"

"Daraja litaendelea mambo yakitulia, mheshimiwa wangu. Lilisubiri miaka tisa. Litakimbilia wapi?"

Nikasema, "Mimi niko tayari."

Nilikuwa tayari kweli. Sikuona ugumu wowote. Mtu huyu aliniruhusu kutoka saa kumi na moja kila siku kwa miaka minne ili niwahi masomo ya jioni, na hakunikata hata saa moja. Uongo mmoja mbele ya Spika niliuona mwepesi kama kubeba mzigo mpaka kituo cha basi.

Tajiri alimmiminia Somarajan chai nyingine, akamshukuru kwa kuja, akamsindikiza mpaka kwenye gari. Aliporudi alifunga mlango.

"Wewe ulikuwa wapi niliposaini?"

"Nyuma ya viti, na glasi ya chai."

"Basi ulikuwa na chai mkononi. Kalamu haikuwapo."

"Nani atajua?"

"Nilisoma, Divakara." Alikaa. "Kile kichwa cha habari juu ya ukurasa. Sikudanganywa na mtu. Nilikisoma neno kwa neno, Daftari la Wanachama Wapya, na nilijua maana yake. Watu walikuwa wanapiga makofi. Nina miaka sitini na tatu, na katika maisha yangu hakuna aliyewahi kuniambia, njoo, uwe mmoja wetu. Kanisa nilizaliwa nalo. Biashara nilirithi koleo la baba. Nikasema moyoni, acha niwe wa mahali fulani kwa leo. Nilifurahi. Nilirudi nyumbani na shali, nikajitazama kwenye kioo."

Nyuma ya ukuta cherehani moja ilikuwa imenyamaza, ya Bhargavi, iliyo karibu na mlango.

Tajiri aliisikia pia. Alisimama. Kwetu mwanamume akiwa kazini hukunja shuka anayojifunga kiunoni mpaka magotini, na huishusha mpaka kwenye vifundo akiwa mbele ya mtu wa kuheshimiwa. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye sikuwahi kumwona akiishusha mbele ya wafanyakazi. Alifungua mlango, akashusha shuka, akawaambia wanawake wasimamishe mashine.

Aliwaeleza yote, kwa ile sauti yake, nao wakanyamaza ili wasikie. Hakupunguza kitu. Alipomaliza, Bhargavi ndiye aliyezungumza.

"Kwa hiyo umetuuza kwa shali."

"Ndiyo."

"Tulilowa kwa ajili yako."

"Najua, Bhargavi."

"Lilikuwa zuri angalau?"

"Lilikuwa zuri."

"Ungesema. Ningekushonea, lenye nyuzi za kung'aa mpaka ukinai." Alijifuta uso kwa ncha ya sari. "Na sasa huyu msomi wetu anataka kwenda kudanganya kwa niaba yako. Nimesikia. Divakaran, wewe huwezi hata kumdanganya mkeo kwamba umeshakula."

Wengine walicheka kidogo, cheko la watu waliochoka. Niliitikia kwa kichwa, kwa kuwa ni kweli.

"Haendi kudanganya," tajiri alisema. "Najiuzulu."

Hapo zilisikika kelele. Mmoja alisema basi daraja limekwisha. Mwingine alisema heri akae na kiti cha uongo kuliko wao wakae na mtumbwi wa kweli. Bhargavi alipiga meza kwa mkasi mpaka wakatulia.

"Tueleze daraja, tajiri. Roho yako safi haitanivusha Julai."

"Siongelei roho yangu. Naongelea biashara," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Februari alionekana yuko mahali pake. Alichukua chaki akaandika kwenye ubao tunaoandikia oda. "Leo ni tarehe kumi na mbili Machi. Muda wa bunge umebaki miezi kumi na minne na siku kidogo. Nikiondoka leo, sheria inawalazimu kuitisha uchaguzi mdogo hapa ndani ya miezi sita. Serikali imesimama kwa kiti kimoja. Kiti hiki watakitaka kama mtu anavyotaka mwavuli mvua ikiwa imeshaanza. Na mkija kuombwa kura, mtu atasimama pale ukingoni na nguzo tatu nyuma yake zimeota kutu. Atasema nini?"

"Atasema atajenga," Bhargavi alisema. "Wote husema."

"Wote husema, pakiwa hakuna nguzo. Hapa kuna nguzo tatu, na mtoto mdogo anajua kuhesabu mpaka tano. Tena tarehe ikishatangazwa hawaruhusiwi kuanzisha kazi mpya, ila iliyoanza yaweza kuendelea. Itabidi mitambo irudi kabla ya tangazo."

"Na ukibaki?"

"Nikibaki, shauri linavutwa mpaka Juni. Mimi nitapiga kura wanavyotaka kwa sababu wao ndio wanaonilinda. Mteja asiyeweza kwenda duka lingine, Bhargavi, wewe ungemhudumia wa kwanza?"

Bhargavi alifikiri. "Ningemalizia kwanza kunywa chai."

"Ndiyo hivyo."

"Una uhakika na hesabu zako?"

"Hapana. Lakini hiki ndicho kitu pekee nilichobaki nacho wanachokitaka, na thamani yake inaisha Mei."

Bhargavi alitazama ubao. Kisha akashika kitambaa chake, akakilaza chini ya sindano. "Andika basi," alisema. "Unatuchelewesha, shule zinafunguliwa."

Barua ya kujiuzulu lazima iandikwe na mbunge kwa mkono wake. Nilimwekea karatasi nzuri, ile tunayotumia kwa wateja wa mji mkuu, nikakaa pembeni. Aliandika mistari minne, akaikata, akaandika tena. Mara mbili alisimama kwenda kuangalia rangi ya vitambaa vilivyokuwa vimewasili, kazi ambayo haikumhitaji. Simu ya Somarajan iliingia mara tatu. Aliiacha iite.

Hatimaye alinipa nisome. Alikuwa ameandika kwamba tarehe ishirini na moja Januari alijiunga na chama kwa hiari yake, akiwa ameelewa alichosaini. Kwamba waliomchagua walimchagua akiwa hana chama. Na kwamba kwa hiyo anakirudisha kiti kwao kuanzia leo. Chini yake aliongeza kwamba daraja la Nedumthuruthu limebakiza nguzo mbili.

"Hilo la mwisho halihusiki na kujiuzulu," nilimwambia. "Spika hana haja nalo."

"Nimesema bungeni miaka minne kasoro. Nitaachaje kusema sasa?"

"Niongeze maneno ya shukrani? Kwa kawaida huwekwa."

"Uliyajifunza kwenye masomo ya jioni?"

"Ndiyo."

"Yaweke, basi. Hapana, niambie, niandike mimi."

Nikamsomea sentensi moja ya shukrani kwa Spika na wabunge wote, naye akaiandika polepole, ulimi ukiwa umechungulia kwenye pengo la meno. Nilipomwambia imetosha, aliisoma yote kwa sauti, akitikisa kichwa pale palipokuwa pazuri. Alisema ni barua nzuri kuliko zile tatu za kuomba daraja. Nilimwambia zile tatu niliziandika mimi.

"Ndiyo maana," alisema.

Alikunja karatasi mara tatu. Bahasha tuliifunga kwa gundi ya vibandiko vya karakana, na kwa kuwa sikuiamini gundi hiyo, niliyeyusha lakiri nyekundu kwenye mshumaa nikadondosha matone mawili nyuma. Alibonyeza kwa kitako cha koleo lake, akapuliza mpaka pakakauka.

Tulikwenda posta kwa miguu. Njiani watu walimwamkia mheshimiwa, naye akawaitikia bila kuwasahihisha. Karani wa posta aliiweka bahasha kwenye mizani, akauliza kama ni ya rejista, akasoma anwani ya Spika, akatutazama mmoja baada ya mwingine. Hakuuliza zaidi. Aligonga mhuri mbele na nyuma, akampa tajiri stakabadhi, akaiingiza barua kwenye mfuko wa mji mkuu unaoondoka na basi la saa tisa.